Wiki ya Watawa Torinosawa

"Wakazi watukufu wa kitongoji cha Torinosawa! Ofisi ya mji, baada ya kutafakari kwa kina na kwa moyo mzito, inawatangazia kwamba zoezi la kupima afya na kutoa damu, lililopangwa kufanyika Jumanne ijayo, limeahirishwa hadi baada ya theluji ya kwanza. Endeleeni kuishi kwa amani. Narudia: endeleeni kuishi kwa amani."

Sauti hiyo ilitoka katika vipaza sauti vya nguzoni, ikapita juu ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ikagonga mlima, ikarudi. Ilikuwa sauti ya Bwana Sugawara wa ofisi ya mji: bapa, ya puani, yenye huzuni ya mtu aliyekalia kiti kigumu tangu ujana wake. Kila mtu aliitambua. Tatizo lilikuwa dogo tu: wakati huo Bwana Sugawara alikuwa mjini kwa kinyozi, amefunikwa shuka hadi shingoni. Aliyekuwa akitangaza ni mimi, Genta, mwenye umri wa miaka kumi na sita, nimechutama chini ya meza ya ukumbi wa kitongoji, pua yangu imebanwa kwa kibanio cha nguo.

Ufunguo wa ukumbi hukaa chini ya chungu cha maua. Watu wote wa Torinosawa wanajua, hata wezi wangejua kama tungekuwa nao.

Huenda ukauliza kijana wa shule ya bweni alikuwa akifanya nini nyumbani katikati ya muhula. Uongozi wa shule ulikuwa umenirudisha nikatafakari mwenendo wangu, kwa sababu sanamu ya shaba ya mwanzilishi wa shule ilikutwa asubuhi moja imevaa aproni ya mpishi na kushika mwiko. Nilitafakari. Nikaona kwamba aproni ilimpendeza.

Basi nikawa kwa bibi yangu, Bibi Tsuya, mama yake mama, katika nyumba yenye harufu ya moshi mwaka mzima. Bibi ni fundi wa figili za moshi. Vuli ikifika huzifunga figili kwa kamba, akazitundika darini katika kibanda chake kama popo weupe, akawasha chini yake kuni za mcheri na mwaloni, akazilinda usiku na mchana mpaka ziwe rangi ya ngozi ya kiatu cha zamani. Kisha huzilaza kwenye pumba za mchele na chumvi. Watu hutoka mjini wakapanga foleni mlangoni pake. Mimi nimeona maprofesa shuleni kwetu wakitoa hotuba, lakini sijamwona hata mmoja anayeweza kunusa hewa kutoka kitandani na kusema, "Gogo la tatu limelala vibaya," akaamka, na kweli likawa limelala vibaya.

Sasa nieleze Wiki ya Watawa, maana bila hiyo hutanielewa, na mimi napenda kueleweka kabla ya kuadhibiwa.

Katika milima yetu, zamani, kiharusi kilikuwa kikiangusha watu kama upepo unavyoangusha matunda yaliyoiva. Baridi kali, supu ya chumvi, samaki wa chumvi, figili za chumvi, na pombe ya mchele ya kuisindikiza chumvi. Babu yangu aliangukia humo humo kibandani, mkononi ameshika kuni. Ndipo madaktari wa chuo kikuu wakaanza kuja kila vuli. Mama yangu alikuwa bado mtoto mchanga. Wakawaambia wazee: tupeni damu yenu, mwaka hadi mwaka, tuifuatilie, tujue ni nani kiharusi kinamnyemelea na kwa nini. Na wazee wakatoa. Wengine walitia saini kwamba wakifa, vichwa vyao vifunguliwe ili daktari aone kwa macho kile upepo ulichofanya ndani. Mimi hucheka mambo mengi, hata mazishi nimewahi kucheka nikatolewa nje, lakini hilo silicheki. Watu wa vijiji vya mbali, ambao hawatajua kamwe Torinosawa iko wapi, leo wanapunguziwa chumvi hospitalini kwa sababu ya wazee wetu.

Ila wazee wetu wana kasoro moja. Wana haya. Hawawezi kumpa mgeni damu chafu, kama vile hawawezi kumkaribisha mgeni katika nyumba isiyofagiliwa. Kwa hiyo siku chache kabla ya kupimwa, kitongoji kizima huingia utawani. Pombe inafungiwa kabatini. Figili zinafunikwa. Supu inakuwa maji ya moto yenye kumbukumbu ya chumvi. Watu wanatembea jioni wakiwa wamenyoosha migongo. Wakishatolewa damu tu, hukimbilia nyumbani kwa Mzee Eikichi, jirani yetu, ambako sufuria inachemka na chupa zimekwisha funguliwa.

Daktari Hatakeyama aliligundua hilo. Yeye ndiye anayeongoza utafiti sasa, mama mwenye nywele fupi na viatu vya kupandia mlima, aliyerithi kazi kutoka kwa mwalimu wake. Mwaka jana, nikiwa kwenye likizo ya vuli, alituambia ukumbini:

"Ndugu zangu, nyinyi mnaoga kabla ya kuja bafuni kwangu. Nitaonaje uchafu?"

"Kwani Daktari unataka kuona uchafu wetu?" aliuliza Mzee Eikichi.

"Wako hasa, Mzee."

Watu wakacheka hadi vikombe vya chai vikamwagika. Ndipo akatueleza habari ya namba ya moto. Damu, alisema, ina alama nyingi, lakini iko moja inayopanda mwili unapokuwa na mchochota mahali fulani, yaani mwili ukiwa unapigana kimyakimya, unafukuta kwa ndani. Mishipa ya damu inayofukuta muda mrefu huharibika kuta zake, na mshipa mbovu ndio mlango wa kiharusi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikimchorea Mzee Eikichi masharubu kwenye karatasi, lakini maneno hayo yalinishika. Alama ndani ya damu! Kitu kisichoonekana, kisichosema, hakijui haya wala heshima, kinamsengenya mtu kwa daktari. Nilikiheshimu papo hapo kama mwenzangu.

Bibi Tsuya ndiye aliyekuwa mtawa mkuu. Kila mwaka majibu yake yalikuwa mazuri kupindukia, naye huyaweka kwenye madhabahu ya mababu ili Babu ayasome. Lakini mimi nililala nyumba ile likizo zote, hata za vuli, nikaona anatafuna upande mmoja tu. Fizi zake za upande wa pili zilikuwa zinauma, zinavimba, zinatoa usaha, zinapoa, zinavimba tena. Na kila ilipofika Wiki ya Watawa, alifungua droo, akatoa vidonge vya kuua vijidudu alivyokuwa akivibakiza kila alipopewa na mganga wa meno, akavimeza mpaka fizi zinywee. Akapimwa akiwa safi. Kisha wiki nyingine zote za mwaka, moto unarudi jikoni.

Haya yote ningeyaacha yapite. Mtu mzima ana haki ya fizi zake. Lakini siku ya pili baada ya mimi kurudishwa kutoka bweni, tulikuwa tunakula asubuhi. Bibi alikuwa akinisimanga.

"Aproni ya mpishi! Mtu aliyejenga shule kwa jasho lake, wewe unamvika aproni. Ulikosa hata kimono nzuri uka..."

Akanyamaza. Bakuli la supu likamtoka mkono wa kulia, likaanguka kwenye mkeka. Aliuangalia mkono ule kama mkono wa mtu mwingine. Pembe ya mdomo wake, upande huohuo, ilikuwa imeshuka, kama pazia lililochomoka ndoano. Alijaribu kuniambia neno likatoka uji. Nikacheka, nilidhani ananiigiza mwanzilishi wa shule. Kisha nikaacha kucheka.

Haikuchukua muda. Mdomo ukarudi, mkono ukarudi, akaokota bakuli mwenyewe, akafuta mkeka.

"Bibi, nampigia mama."

"Hupigi."

"Basi naita gari la wagonjwa."

"Gari la wagonjwa kwa ajili ya supu iliyomwagika?" Akanishika kifundo cha mkono, na aliminya kweli. "Sikiliza, Genta. Mama yako akijua, kesho yake niko mjini Sendai kwenye ghorofa lake la juu, nafugwa kama samaki wa dhahabu. Nani atalinda moto? Eikichi? Atazilewesha figili. Apa mbele ya babu yako hutasema kwa mtu."

Nikaapa. Mbele ya picha ya Babu, magotini, viganja vimeungana. Mimi ni mtundu lakini si mpagani.

Na tangu saa ile sikulala vizuri. Kila nikisikia kitu kinaanguka jikoni nakurupuka kwenda kuangalia. Nilijua kwamba Bibi ana onyo la kiharusi, kwamba kimemgusa bega na kupita, na kwamba kinaweza kurudi bila kubisha hodi. Nilijua pia kwamba Daktari Hatakeyama anakuja Jumanne. Na nilijua kwamba Bibi ataingia utawani, atameza vidonge vyake, moto utajificha, na daktari atampa tena karatasi nzuri ya kumwonyesha Babu. Nilikuwa nimeapa mimi nisiseme. Damu yake haikuapa.

Ndiyo maana nikachukua kibanio cha nguo.

Tangazo langu lilipokewa kwa furaha kubwa. Kabla mwangwi haujatua, mlango wa Mzee Eikichi ulifunguliwa kwa kishindo.

"Jamani mmesikia? Tumesamehewa!"

"Mpaka theluji!" akajibu mtu kutoka barabarani.

"Basi utawa gani tena? Leteni sufuria!"

Kitongoji kilivunja mfungo. Jioni ile na jioni zilizofuata, nyumba ya Mzee Eikichi ilijaa. Vijiti vya wali wa kuponda vilichomwa mkaani vikatumbukizwa kwenye mchuzi wa kuku wa kienyeji, figili za mwaka jana zikakatwa vipande vinene, chupa zikazunguka. Mzee Eikichi alicheza ngoma ya mavuno na foronya ya mto kichwani. Watu waliokuwa wakitembea kwa migongo iliyonyooka sasa walirudi nyumbani wakishikana mabega.

Bibi alikuja, akakaa, akala kidogo kwa upande wake mmoja. Mimi nilikuwa namlinda kwa jicho la pembeni, nikimjazia chai kila alipoweka kikombe.

"Dada Tsuya, mbona hunywi?" Mzee Eikichi alimwuliza.

"Nakuangalia wewe unavyokunywa, nashiba."

"Huyu mjukuu wako mpole kweli mwaka huu. Hajaniwekea hata chura kwenye kiatu."

"Ndiyo," alisema Bibi, akinitazama. "Mpole mpaka anatia shaka."

Usiku ule, kabla ya kulala, nilifungua droo polepole. Vidonge vilikuwepo vyote, havijaguswa. Nikajipongeza kwa akili yangu. Nilijiona msomi, mpelelezi na msanii wa sauti kwa pamoja. Kama kungekuwa na sanamu yangu, nisingekubali ivikwe chochote.

Jumatatu jioni vipaza sauti vikakohoa. Safari hii alikuwa Bwana Sugawara mwenyewe, hana habari na lolote.

"Ndugu wakazi. Nawakumbusha kwamba kesho asubuhi ni siku ya kupima afya ukumbini. Baada ya chakula cha jioni msile kitu mpaka mtolewe damu. Ahsanteni."

Torinosawa ikalipuka. Watu walitoka nje na kandambili, wengine na vijiti vya kulia mkononi. Mzee Eikichi alikimbia mpaka kwenye nguzo, akaitikisa kana kwamba Bwana Sugawara yuko juu yake.

"We Sugawara! Si ulisema theluji? Iko wapi theluji?"

Bwana Sugawara alikuja kwa baiskeli, nywele zimenyolewa vizuri, uso umepauka.

"Mimi? Nilisema lini?"

"Alhamisi! Tena ulisema kwa moyo mzito!"

"Alhamisi nilikuwa kwa kinyozi!"

"Basi kinyozi alikunyoa na akili!"

Nilisimama kando nikiwa na uso wa mtoto anayeimba kwenye kwaya. Ilipendekezwa kwamba nyaya zimeingiliwa na unyevu. Ilipendekezwa kwamba nyani wameingia ukumbini, maana mwaka juzi walifanya hivyo wakala peremende zote. Nilikubaliana kwa dhati na nadharia ya nyani.

"Basi tusiende," mmoja alisema. "Mimi nikitoa damu kesho itawaka kiberiti."

Hapo hofu ilinishika. Wasipokwenda, kazi yangu yote imekwenda na maji. Lakini Bibi Tsuya alikuwa amesimama kizingitini, amefunga kitambaa chake cheupe kichwani, mikono imejaa masizi.

"Mtamtupa Daktari wa watu pale ukumbini peke yake?" aliuliza. "Watu walitoa vichwa vyao hapa. Vichwa! Nyinyi mnaona haya kutoa kijiko cha damu yenye pombe. Mimi nakwenda kama nilivyo."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa mwoga kuliko bibi wa miaka themanini na moja. Kesho yake asubuhi walikwenda wote, wakinuka vitunguu na majuto, wakakaa kwenye viti vya kukunja, wakakunja mikono. Bibi alikuwa wa kwanza. Sindano ilipoingia hakufumba macho. Alikuwa akiangalia damu inavyopanda kwenye kichupa, kwa makini kabisa, kama anavyoangalia figili.

Siku ya kutolewa majibu ukumbi ulijaa. Daktari Hatakeyama aliingia na mkoba wake, akasimama mbele, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nimekuja hapa miaka mingi," alisema. "Leo ndiyo kwanza nimekutana nanyi."

Mzee Eikichi akainamisha kichwa. "Daktari, ni nyani."

"Mzee, presha yako si ya nyani. Utaanza dawa leo. Na wewe pale nyuma, na wewe, msitoke." Alisema kwa ukali, lakini macho yake yalikuwa yakicheka. Kisha akaacha kucheka. "Bibi Tsuya, naomba tuongee pembeni."

Bibi akasema hana siri na kitongoji. Kisha akabadili mawazo, akasimama, akaniashiria nimfuate. Tukaingia chumba cha vikombe vya chai, ambako ndiko kiliko kile kipaza sauti nilichotangazia, juu ya meza niliyojificha chini yake, kimya kama hakijui lolote.

"Namba yako ya moto iko juu," Daktari alisema. "Juu sana kuliko miaka yote. Una mafua?"

"Sina."

"Goti? Kidonda? Mkojo unawaka?"

"Daktari, mbele ya mtoto!"

"Nauliza kwa sababu namba hii haisemi moto uko chumba gani. Inaniambia tu kwamba nyumba inafuka. Inaweza kuwa kitu kidogo kikapita. Wala sisi wenyewe hatujamaliza kubishana kama moto ndio unaoleta kiharusi au unatembea nacho tu njia moja. Lakini tukiwafuatilia watu wengi miaka mingi, wenye namba ya juu isiyoshuka huangushwa zaidi. Kwa hiyo siwezi kuiona nikaenda kunywa chai. Fungua mdomo."

Bibi akafungua. Daktari akamulika kwa tochi, akazima.

"Hii ni ya lini?"

"Ya zamani."

"Na mwaka jana mbona sikuiona kwenye damu?"

Bibi akamweleza habari ya vidonge vya droo, kwa sauti ya mtu anayetaja mapishi. Daktari alikaa chini kwenye sanduku la vikombe. Nilidhani atagomba. Akasema tu, polepole, "Kila mwaka mlikuwa mnazima moto nikifika mlangoni."

Kisha akatoa mashine ndogo ya kuangalia mishipa, akapaka Bibi mafuta ya baridi shingoni, akapitisha kifimbo chake. Kwenye kioo nikaona mto mweusi unapita, na ukingoni mwake kitu cheupe kimeota kuelekea katikati, kama tope linavyojazana kwenye mfereji. Nami nikauona upepo wa milima yetu, ule uliomchukua Babu, ukiwa na umbo.

"Upande wa kushoto," Daktari alisema. "Bibi Tsuya, nijibu kweli. Mkono wako wa kulia umewahi kukusaliti? Mdomo? Maneno?"

Nikaangalia sakafu. Kinywa changu kilijaa maneno nikayameza. Nilikuwa nimeapa. Ukumbini Mzee Eikichi alikuwa akibishana kuhusu chumvi.

Bibi hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, muda mrefu, halafu akajifuta mafuta shingoni kwa kitambaa chake.

"Wiki mbili zimepita," alisema. "Nilidondosha bakuli. Mdomo ulikwenda upande. Huyu mtoto alikuwepo. Nilimwapisha."

Daktari alisimama kabla hajamaliza. Mchana ule ule walimpeleka hospitali kubwa kwa gari la utafiti, mimi nimekaa nyuma na kikapu chake. Wakampiga picha za kichwa, wakampa dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, na nyingine ya kutuliza ule uoto mshipani. Walisema mshipa umebanwa lakini bado si wa kupasuliwa. Mganga wa meno alimng'oa meno yaliyooza na kumsafisha fizi zote. Kabla hatujaondoka, ile namba ikapimwa tena, nayo ilikuwa imeanza kushuka, bila haraka, kama moto uliokosa kuni. Mama alikuja kutoka Sendai akalia, akagomba, akalia tena. Lakini alipomwona Bibi akimfundisha mgonjwa wa kitanda cha jirani namna ya kuchagua kuni, hakuitaja tena ile habari ya ghorofa. Mzee Eikichi alilinda moto. Hakuzilewesha figili. Alilewa yeye tu, kidogo.

Daktari Hatakeyama alinikuta kwenye veranda ya hospitali.

"Genta," alisema, "mtu akishuka mdomo, au mkono ukamfa, au maneno yakapinda, unaita gari la wagonjwa dakika ileile. Hata kama imepita. Hata kama umeapa kwa mababu wote wa Japani. Bibi yako amekaa siku hizo zote juu ya bomu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

"Na kuhusu nyani," akaongeza, "nimewahi kusoma kuhusu nyani wengi. Hakuna anayetumia neno 'kuahirishwa'." Akaondoka na viatu vyake vya mlimani, nami nikambebea heshima moyoni ambayo sijawahi kumpa mwalimu yeyote.

Nikarudi wodini nimejipanga. Nilikuwa na nadharia ya unyevu tayari, na ya nyani akiba. Bibi alikuwa ameketi kitandani, ameshika kijiko kwa mkono wa kulia, anakula uji usio na chumvi kwa uso wa shahidi wa dini.

"Kaa," alisema. "Lile tangazo lilikuwa zuri."

"Lipi, Bibi?"

"Genta. Nimekusikia ukilia njaa kabla hujajua kuwa unaitwa Genta. Unadhani kibanio cha nguo kitanizuia kukujua? Kwanza kile kibanio ni changu. Nilikitafuta siku nzima."

"Ulijua tangu..."

"Tangu ulipovuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Nikajiuliza, huyu anataka nini? Kuwacheka watu? Basi angetangaza tetemeko. Nikatulia, nikaenda kufungua droo nikameze vidonge vyangu kama kawaida. Mkono ukasita. Nikasema, aha. Ndicho anachotaka. Anataka nionekane nilivyo." Akaweka kijiko chini. "Nikafunga droo."

"Basi mbona ulikwenda kupimwa? Ungebaki nyumbani. Ungesema unaumwa tumbo."

"Ningebaki kwa sababu gani? Mtoto wangu amehangaika hivyo. Tena nami nilikuwa naogopa, we unafikiri nini? Nilikuwa nalala nikishika mkono huu kwa mkono huu, nisije nikaamka haupo." Alinyoosha vidole, akavikunja. "Lakini kitu kimoja sikielewi, na hicho ndicho nataka uniambie. Umemwiga Sugawara, umedanganya kitongoji kizima, umewanywesha wazee pombe siku nne, umemsingizia nyani asiye na kosa. Yote hayo, wakati mimi nilikuwa nalala chumba cha pili. Mbona hukuja ukaniambia?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alijifanya anasoma gazeti. Nilitafuta nadharia ya unyevu, haikuwepo. Nilitafuta mzaha wowote, nami sijawahi kukosa mzaha tangu nizaliwe, hata ofisini kwa mkuu wa shule.

"Nilikuwa nimeapa," nilisema.

"Uliapa usiwaambie watu. Mimi si watu."

Masikio yangu yaliwaka. Kama wangenipima damu saa ile, namba ingevunja mashine.

"Ni mimi, Bibi," nikasema. "Ni mimi niliyetangaza, na sikufanya kwa ajili ya utafiti, wala kwa kucheka. Siku ile bakuli lilipoanguka nilicheka, nawe ulikuwa unakufa. Nikaogopa nikikuambia uende kwa daktari utakataa, kisha utakasirika, kisha utakufa umenikasirikia. Ilikuwa rahisi kuwadanganya watu wote wa Torinosawa kuliko kukuangalia usoni nikasema naogopa. Sasa nimesema. Naogopa hata sasa."

Na hapo nikalia, mbele ya wodi nzima, kwa sauti yangu mwenyewe.